Barua ya wazi kwa viongozi wa jumuiya yetu London: mkono ule una mwenyewe

London, 14 Septemba 2025

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na wajumbe wote wa Kamati ya Utendaji,

Assalaam aleikum. Na kwa wajumbe wetu Wakristo, Bwana Yesu asifiwe.

YAH: WATU WALIOONDOLEWA KATIKA KITABU CHA KUMBUKUMBU CHA JUMUIYA

Mada hapo juu yahusika.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, muuguzi mstaafu, mwanachama wenu tangu 1981. Ada sijawahi kukosa. Mwenyekiti, wewe ulifika nchi hii ukiwa mtoto wa chekechea, na koti lako la kwanza la baridi lilitoka kabatini kwangu. Sisemi hivyo kukusimanga. Nataka kila atakayesoma ajue kuwa barua hii haikuandikwa na mtu wa nje wala na adui.

Nimeshaandika barua tatu za faragha. Ya kwanza niliituma Oktoba 2024, wiki mbili baada ya kitabu kuzinduliwa, na haikujibiwa. Ya pili, Januari mwaka huu, ilijibiwa kwa ujumbe wa simu kwamba suala "linafanyiwa kazi". Ya tatu niliikabidhi kwa mkono wangu mwezi Machi. Siku ile Katibu alinikaribisha kiti, akanitilia chai, akaniambia kwa upole: "Mama, tumewasitiri. Na wewe tumekusitiri." Nilishukuru kwa chai nikaondoka. Neno lile nimelala nalo na kuamka nalo miezi sita. Sasa nasikia kitabu kinachapwa tena, toleo la pili, na picha zake zitatundikwa ukumbini mwezi Desemba. Basi niliyoyasema chumbani nayasema barazani.

1. Picha ya ukurasa wa 62

Picha ile ni yangu, niliwaazima. Ilipigwa sebuleni kwangu Brixton, Idi ya Juni 1986, na jirani wa ghorofa ya juu aliyeteremka kufuata harufu ya pilau. Tulikuwa watu wazima saba na mtoto mmoja, tumelizunguka sinia. Katika kitabu chenu tumebaki wanne na mtoto: mimi, fundi wetu wa Mombasa, dada yetu wa Bukoba amempakata mwanawe, na mzee wetu wa Lamu, baharia. Upande wa kulia picha imekatwa wima, kama kitambaa kilichopitishwa mkasi.

Lakini mkasi haukumaliza kazi. Juu ya bega la fundi umebaki mkono. Unaonekana kuanzia kwenye kifundo: saa yenye mkanda wa ngozi uliochakaa, na kidole cha shahada kimefungwa plasta, kwa sababu mwenyewe alijikata asubuhi ile akimenya viazi vya katlesi jikoni kwangu. Mkono umetulia pale begani kama uko kwao. Mwenye mkono hayupo. Na chini yake mmeandika: "Wanajumuiya wakisherehekea Idi."

Mwenye mkono alikuwa dereva wa basi, mtu wa Cork, Ireland. Aliyekaa karibu naye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Jamaika. Wa tatu, mdogo kuliko wote, alitoka Leeds, na kazi yake ilikuwa kubeba maua alfajiri katika soko la Nine Elms. Yale maua mekundu yaliyo mezani nyuma yetu aliyaleta yeye. Maua mmeyaacha.

Wote watatu walikuwa mashoga, na fundi wetu pia. Fundi na dereva walikaa pamoja Vauxhall, vyumba viwili juu ya duka la viatu, wakaishi wanavyoishi watu wanaopendana: mmoja anakoroma, mwingine analalamika, mishahara inaingia kopo moja. Fundi alikuwa akishona mavazi ya waigizaji wa West End, dereva akiendesha zamu za usiku, na mimi pia nikifanya kazi usiku, kwa hiyo mara nyingi tulikutana saa moja asubuhi, sisi tukitaka chakula cha jioni wakati London inakunywa chai.

Naomba niseme kidogo juu ya neno hilo, shoga, maana najua limewakwama kooni. Sisi wanawake wa pwani ni neno letu. Shoga yangu ni yule ninayempa siri, anayekuja bila hodi, anayenisuka nywele na kunifichia fedha. Fundi alijua jinsi neno hilo lilivyotupwa kwake tangu utotoni, likiwa jiwe. Akaliokota. Alikuwa akipiga simu wodini kwangu usiku wa manane, nikiinua tu nasikia, "Shoga'angu, umekula?" Katika miaka yote niliyofanya kazi usiku katika jiji hili, hakuna mwingine aliyeniuliza kama nimekula.

Yule kijana wa Leeds yu hai. Aliwahi dawa za ukimwi za 1996, zile za mseto zilizobadili kila kitu, na leo ana umri wa miaka sitini na kitu. Nilimpelekea nakala ya kitabu kwa furaha kabla sijakifungua, kosa langu hilo. Hajui Kiswahili, lakini picha haihitaji mkalimani. Alinipigia simu, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Nilifanya nini?" Waheshimiwa, nilikosa jibu. Naomba mmoja wenu aniandikie jibu nimpelekee.

Na kwa kuwa kitabu chenu kina sura nzima juu ya "moyo wa kusaidiana", acheni niwaeleze nilichokiona kwa watu hawa, kwa sababu umoja wa namna ile sijauona tena.

Ugonjwa ulipoingia London, serikali ilikuwa bado inajikuna kichwa. Terrence Higgins, mmoja wa watu wa kwanza kujulikana kufa kwa ukimwi Uingereza, alifariki katika hospitali ya St Thomas' tarehe 4 Julai 1982, na mwaka huohuo mwenzake na marafiki zake wakaanzisha taasisi yenye jina lake, wakianza na fedha za kuchangishana. Kipeperushi cha serikali cha kila nyumba kilikuja mapema 1987. Miaka ile ya katikati nani aliwauguza watu? Dereva wetu alikuwa mmoja wa waliopokea simu katika Switchboard, huduma ya simu ya mashoga na wasagaji iliyoanza 1974. Aliniambia zamani watu walipiga kuuliza baa ipi ina muziki mzuri, na sasa wanapiga kuuliza doa la zambarau mguuni maana yake nini.

Marafiki hawa walikuwa na daftari. Daftari la kawaida la shule, jalada la buluu, limefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza ya jikoni pale Vauxhall ili lisipotee. Humo waliandika zamu: nani anapika Jumatatu, nani anafua mashuka, nani analala kwa mgonjwa, nani anampeleka paka wa marehemu kwa nani. Kwetu tungekiita kikoa. Walikuwamo na wanawake, wasagaji, waliokuja na magari yao kubeba wagonjwa usiku wakati madereva wa teksi walikataa. Na hawakuchagua. Walimbeba shoga na asiyekuwa shoga. Dada yetu wa Bukoba aliambukizwa na mumewe, akawa mjane mwaka 1989, akaanza kuugua mwenyewe mwaka uliofuata. Nendeni mkaangalie kumbukumbu za vikao vyenu vya 1990 mwone jumuiya iliamua nini juu yake. Haikuamua kitu. Jina lake aliliandika dereva katika daftari la buluu, Alhamisi na Jumapili, na mwalimu wa Jamaika akamfundisha mwanawe kusoma. Mwalimu huyo huyo, kwa sababu ya kifungu cha 28 cha sheria ya 1988, sheria iliyozikataza serikali za mitaa "kuutangaza" ushoga, alikuwa akienda kazini kila Jumatatu bila kuthubutu kumwambia mtu alimzika nani Ijumaa.

Mtoto yule aliyepakatwa pichani hakuambukizwa. Leo ni mtu mzima, na amenipa ruhusa nimtaje kwa namna hii. Anasema kumbukumbu yake ya kwanza ya nchi hii ni kubebwa mabegani mwa dereva wa basi anayeimba. Kitabuni anaonekana. Aliyembeba haonekani.

2. "Alifariki kwa maradhi ya kifua"

Ndivyo mlivyoandika juu ya fundi, ukurasa wa 64. Niliwapa ushahidi wa kurasa 14 kwa mwandiko wangu. Mkatoa sentensi hiyo moja.

Ni kweli alikufa akikosa pumzi. Nimonia iliyomuua ilikuwa ile adimu inayompata mtu ambaye kinga yake imeisha, na sisi wauguzi wa miaka ile tuliijua kama tunavyojua majina ya watoto wetu. Alifariki kwa ukimwi, Februari 1988. Na jambo hili hakuniachia mimi niamue. Usiku mmoja wa Januari, nikiwa nambadilishia dripu, alinishika mkono akasema: "Usikubali waseme ni kifua. Kifua ni cha watu wanaovuta sigara." Halafu akacheka, na kucheka kulimgharimu nusu saa ya kukohoa. Nilimwahidi.

Mwezi Aprili wa mwaka uliotangulia, Diana, mke wa mrithi wa ufalme, alikwenda kufungua wodi ya Broderip katika hospitali ya Middlesex, akampa mgonjwa mkono bila glavu. Picha ile ilizunguka dunia. Fundi aliikata gazetini akaibandika juu ya cherehani yake. Aliipenda, lakini ilimsumbua, kwa sababu mgonjwa katika picha amegeuza mgongo. "Hata siku ya heshima," alisema, "sisi tunapigwa mgongo." Ilipofika 1993, wagonjwa wanne wa wodi hiyo na ya Charles Bell walimruhusu mpiga picha Gideon Mendel awapige wakitazama, wamekumbatiwa na wapenzi wao na mama zao. Wote wanne walifariki kabla dawa hazijafika. Fundi hakuwahi kuziona picha hizo. Nilizitazama kwa niaba yake.

Mnaweza kuniuliza, neno moja lina uzito gani baada ya miaka 37? Nitawaambia nilichokiona wodini. Katika miaka ya 1990 watu wetu, Waswahili, Waganda, Wakongo, walikuja hospitali wakiwa wamechelewa. Walikuja wakibebwa. Nilipowauliza mbona hukupima, walinijibu kwamba kwao hakuna aliyekuwa na ugonjwa ule. Na kwa kweli, kwa kusikiliza matanga yetu, hakuna Mswahili aliyewahi kufa kwa ukimwi London. Huyu kifua, yule malaria, yule karogwa na wifi yake. Hata baada ya 1996, dawa zikiwa dirishani na hazina bei, niliwafunga macho watu wa miaka 30 ambao wangeweza kuwa wajumbe wa kamati hii leo. Sentensi yenu ya ukurasa wa 64 ni ya ukoo huo.

Afrika Mashariki yetu ilikuwa na watu waliothubutu kusema mapema. Christopher, mume wa Noerine Kaleeba wa Uganda, aligundulika akiwa masomoni Hull, hapahapa Uingereza, mwaka 1986. Alifariki nyumbani Januari 1987, na mwaka huohuo mkewe na wenzake wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye ukimwi. Mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, alirudi kutoka Sweden mwaka 1989 akasimama mbele ya watu wake akasema ninao, na akafa Desemba ya mwaka huo. Hawa tunawaita mashujaa kila Desemba 1. Fundi wetu alitaka kusema kitu kilekile na mmemziba mdomo akiwa kaburini.

3. Usiku wa mzee wa Lamu

Hili ndilo lililonifanya nikililie kitabu chenu. Mzee wetu baharia ana kurasa mbili. Mmeandika timu yake ya mpira, mmeandika meli alizofanyia kazi, mmeandika na mashairi yake. Jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kutenda katika nchi hii hamkuliandika, nami niliwapa.

Fundi alipofariki, maiti yake ilitiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye kibandiko cha hatari. Ndiyo ilikuwa kanuni. Mazishi yalitaka mwoshaji. Nilipiga simu kwa watu sita wa jumuiya hii. Wawili hawakupokea, mmoja alisema mkewe ana mimba, mmoja alisema atanipigia, wawili walisema wazi kwamba hawawezi. Siwalaumu sana leo. Woga ule ulikuwa mkubwa, na hata hospitalini kwangu kulikuwa na watu waliokuwa wakiacha sinia za chakula nje ya mlango wa mgonjwa. Simu ya saba nilimpigia mzee wa Lamu, ambaye wakati ule alikuwa anapumua kwa shida mwenyewe. Alisema neno moja: "Naja."

Alifika kwa mabasi mawili. Nilimpa aproni na glavu, nikamweleza jinsi ya kuvaa na kuvua. Mlangoni alikuwapo dereva, amesimama tangu asubuhi na sare yake ya kazi, hajui aingie au aondoke. Mzee alimtazama. Hakuuliza huyu ni nani wa marehemu. Aliniambia tu, "Mwambie alete maji ya uvuguvugu, na ashike ndoo." Mimi nilibaki nje, kama inavyotakiwa, lakini mlango haukufungwa vizuri na nilimwona dereva akijaza ndoo, anakunja mkono wa shati na kupima maji kwa kiwiko, kama anavyopimiwa mtoto. Yalikuwa ya moto. Akaongeza ya baridi. Akapima tena.

Kuosha maiti ni faradhi ya kifaya, mnajua kuliko mimi. Akitokea mmoja akatimiza, wengine wote wameokoka. Asipotokea hata mmoja, dhambi ni ya mji mzima. Usiku ule mzee alituokoa sote, pamoja na wale wawili ambao hawakupokea simu.

Makaburini, niliambiwa na mzee mwenyewe, walikuwapo imamu na wanaume wetu watatu. Na nyuma yao, mbali kidogo kwa adabu, wanaume kama thelathini wenye makoti meusi. Walikuwa wale wa daftari la buluu. Hawakujua la kufanya na mikono yao. Mmoja alipoona wetu wamenyanyua viganja, naye akanyanyua, na wote wakafuata.

4. Kitambaa

Niliwaletea kitambaa kwa ajili ya maonyesho. Kina urefu wa futi 6 na upana wa futi 3, kipimo cha vitambaa vya kumbukumbu ambavyo jamaa za waliokufa walishona, Marekani kwanza kisha hapa Uingereza. Changu kimeshonwa kwa kanga aliyoituma mama yake fundi kutoka Mombasa, jina lake "Wema hauozi". Mlinirudishia kwenye mfuko wa plastiki, kimekunjwa vibaya, bila hata karatasi ya maelezo. Juni hii vitambaa vya Uingereza vilitandazwa katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern, na mimi na yule mtoto wa Bukoba tulikwenda. Watu walipita kimya katikati ya vitambaa, wengine wamepiga magoti kusoma. Alinigeukia akaniuliza, "Cha kwetu kiko wapi?" Kipo sandukuni kwangu, na kamati yenu inajua kwa nini.

Najua mtakayojibu, nimeshayasikia.

Mtasema dini. Sijawaomba fatwa. Sijawaomba mhalalishe wala muharamishe, na siku ya hesabu kila mtu atasimama na yake. Nimewaomba mwandike aliyekuwapo kwamba alikuwapo. Hospitali ya Mildmay pale Shoreditch ilianzishwa na Wakristo waliosali asubuhi na jioni, na mwaka 1988 ilifungua vitanda vyake kwa wagonjwa wa ukimwi waliokuwa wanakaribia kufa, mashoga kwa wasio mashoga. Miaka kumi baadaye ikafungua kituo Uganda. Kumuuguza mtu hakukuwafanya waache imani yao. Na mzee wa Lamu hakukosa swala hata siku moja niliyomjua.

Mtasema familia, kwamba mama wa Mombasa angeaibika. Huyo mama nilikuwa nikimsomea barua na kumwandikia. Baada ya mazishi alituma kaseti. Hakuuliza mwanangu alikuwa nani huko, mama anajua. Aliuliza, "Nani alikuwa akimpikia?" Nikamjibu kwamba ni Mwairishi mmoja, dereva, ambaye alijifunza kupika uji wa mchele na kuuchuja ili usimkwame. Miezi miwili baadaye ikaja doti ya kanga. Ujumbe ulisema kipande kimoja ni changu, na kipande cha pili "mpe mwanangu wa pili". Dereva alijifunika kanga ile mpaka 1992, alipopofuka macho kwa ugonjwa uleule na kufariki. Jamaa zake walimchukua wakamzika kwao na hawakutaka sisi rafiki zake tuhudhurie. Mwalimu wa Jamaika alimfuata mwaka 1994, na majivu yake tuliyaweka bustanini pa London Lighthouse, kituo cha wagonjwa wa ukimwi, Ladbroke Grove. Jengo lile leo ni makumbusho ya bidhaa. Bustani ingalipo, nakwenda. Lakini dereva na fundi hawana mahali wanapoonekana pamoja isipokuwa katika picha ile.

Mtasema watoto watasoma. Ndiyo, wasome. Miongoni mwa watoto wa jumuiya hii wamo wanaopenda wanaofanana nao. Hilo mnalijua na mimi nalijua, kwa sababu baadhi yao huja kwangu kulia. Wanafungua kitabu cha historia yao wanakuta mkono bila mtu.

Na mtasema nyumbani: kwamba maofisa wa ubalozi watakuja kwenye maonyesho, na sheria za kwetu zinakataza. Vifungu hivyo viliandikwa na Waingereza walipotutawala. Waingereza wenyewe wameshavifuta vyao, na kifungu cha 28 walikiondoa England na Wales mwaka 2003. Hakuna ofisa aliyewaandikia kuwaomba mkate picha. Mmeikata kabla hamjaombwa.

Kuhusu neno la Katibu, kusitiri. Nimelelewa Tanga na neno hilo, nalipenda. Anayemsitiri mtu humvisha nguo. Sanda ya fundi ilishonwa na kuvalishwa usiku ule na mzee wa Lamu, mbele ya dereva aliyeshika ndoo. Hiyo ndiyo stara niliyoiona.

Ninachoomba ni hiki:

Toleo la pili lisimame mpaka ukurasa wa 62 urudishiwe picha nzima, watu saba na mtoto, na maelezo yaseme kwamba watatu wa kulia walikuwa rafiki zetu waliowauguza watu wetu. Yule wa Leeds ameridhia.

Ukurasa wa 64 useme: alifariki kwa ukimwi, Februari 1988, akiuguzwa na mwenzake na rafiki zake. Sentensi moja kama ile yenu, haitaongeza gharama.

Katika kurasa za mzee wa Lamu uongezwe usiku ule. Hata aya fupi. Alifariki bila mtu kumshukuru hadharani.

Kitambaa kitundikwe ukumbini Desemba 1, Siku ya Ukimwi Duniani, hata kama ni kwa siku hiyo moja, nami nitakaa chini yake kuwaeleza watakaouliza.

Nijibiwe kwa maandishi kabla ya 15 Oktoba. Nikikosa jibu nitaomba mkutano mkuu wa wanachama kwa mujibu wa katiba yetu, na sahihi zinazohitajika tayari ninazo.

Jina langu halimo hapa kwa sababu ya wagonjwa wangu wa zamani na jamaa zao. Ninyi mnalo, limo katika barua tatu zilizo kwenye faili lenu.

Wenu katika kujenga jumuiya,

Muuguzi mstaafu,
mwanachama tangu 1981

Nyongeza: Kama tatizo ni ubora wa picha mliyonayo, negativu ninayo. Imo ndani ya bahasha ya duka la picha la Brixton, na juu yake fundi ameandika kwa kalamu ya chaki ya kushonea, ambayo haijafutika mpaka leo, "Idi, sote." Nitaileta mwenyewe, naomba tu niambiwe siku na saa.